KWA NINI TARAKILISHI NAMBA 7 ILICHELEWA KUAMKA

Mhariri wetu alitangaza kwamba kila mwanachama aandike jambo moja litakalowafaa wenzake. Wengine wameandika juu ya nidhamu na mazingira, wengine wametunga mashairi. Mimi naandika juu ya tarakilishi namba 7 katika maabara yetu, ile tuliyoibandika jina la Kobe.

Aliyewahi kuketi mbele ya Kobe anaijua taabu yake. Kipindi ni dakika 40 na kila mashine ina wanafunzi watatu. Ukibonyeza kitufe, taa inawaka, feni inavuma, halafu kioo chabaki cheusi. Wenzako wa namba 6 wameshaanza kuandika, wewe bado wangoja. Na stima ya hapa kwetu Garsen mwaijua, hasa wakati wa mvua: yaenda na kurudi kama mgeni asiyejua alale au aondoke. Siku moja ilipotea mara tatu katika kipindi kimoja. Kikundi cha namba 7 hakikuandika hata sentensi moja.

Basi kila mtu akawa daktari. Kuna aliyesema ni uzee. Mwingine akasema ni virusi. Fundi mmoja aliyepita akatazama kidogo akasema, "Hiyo futeni yote, muweke upya." Mimi nami nilikuwa na dawa yangu: nikichoka kungoja, nabonyeza kitufe mpaka mashine izime kwa nguvu, kisha nawasha tena. Leo nakiri mbele yenu kwamba nilikuwa nampiga mgonjwa.

FUNZO LA NAMBA 4

Kabla ya kuwaeleza tulivyomtibu Kobe, yafaa mjue kwa nini sikutaka kuliacha jambo hili. Mwaka jana, muhula wa pili wote, namba 4 ilikuwa ikichelewa vivyo hivyo. Tulicheka, tukazoea. Ndani yake mlikuwa na makala 6 za jarida hili. Asubuhi moja ikawashwa, ikatoa sauti kama mtu agongaye mlango kwa ukucha, na haikuamka tena. Diski ilikuwa imekufa.

Makala 4 ziliandikwa upya kwa sababu wenyewe walikuwa na karatasi zao. Makala 2 hazikupatikana. Moja ilikuwa vitendawili ambavyo dada mmoja wa kidato cha pili alivikusanya kutoka kwa bibi yake. Daftari la kwanza lilikwenda na maji ya mafuriko ya 2024. Akarudi kwa bibi, wakakumbuka pamoja, safari hii akavipiga chapa moja kwa moja katika tarakilishi. Diski ilipokufa, bibi naye alikuwa ameshatutoka. Hakukuwa na wa kuulizwa tena.

Sasa mwaka huu Kobe alipoanza mwendo ule ule, na ndani yake mna jarida hili unalolishika mkononi, sikuweza kucheka. Dalili ya mvua ni mawingu. Kwanza tulinakili makala zote katika fleshi mbili, moja akakaa nayo mwalimu na ya pili mhariri. Ndipo tukaanza kuuliza kilichomsibu.

MASHINE INAVYOAMKA

Tarakilishi zetu ni za mitumba, zilifanya kazi katika maofisi kabla ya kufika kwetu. Zinatumia Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Mtu yeyote aruhusiwa kuunakili bila malipo, ndiyo sababu unafaa shule kama yetu. Aina tuliyo nayo yaitwa Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina hilo ni ndugu wa neno letu "utu". Mwaka huo huo wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Kwa hiyo Linux na Kiswahili si wageni.

Ukibonyeza kitufe, wa kwanza kuamka ni BIOS, programu ndogo iliyomo ndani ya bodi kuu. Hiyo ni kama bawabu: yafungua lango na kukagua kama kumbukumbu, kibodi na diski zipo. Kisha humwita GRUB, ambaye kazi yake ni kuileta kerneli kutoka kwenye diski. Kerneli ndiyo moyo wa Linux. Huja na mkoba mdogo uitwao initramfs, wenye vyombo vya kuiwezesha kuzifikia diski.

Hapo ndipo orodha ya majina huitwa. Kerneli hupita kila njia ya mashine ikiuliza: nani yupo hapa? Kipanya hujibu, kadi ya mtandao hujibu, diski hujibu. Kila anayejibu hupelekwa kwa udev, programu iliyoanza mwaka 2003, ambayo ni kama kiranja: humpa kila kifaa jina lake na kumtafutia draiva ya kumwendesha. Diski ya kwanza huitwa sda, ya pili sdb. Mwisho huja systemd, iliyoanza mwaka 2010. Huyu ni mwalimu wa zamu, anayeanzisha shughuli zote za siku mpaka uone mahali pa kuandika nywila. Naye ana rejista yake, faili iitwayo /etc/fstab, ambamo mmeandikwa ni diski zipi zinatarajiwa kuhudhuria.

ASIYEKUWEPO HAWEZI KUSEMA "SIPO"

Wapenzi wasomaji, hapa ndipo penye siri yenyewe, nami naomba mnisikilize vizuri.

Mnakumbuka baada ya mafuriko ya Novemba 2023, na tena yale ya 2024, jinsi familia nyingi za huku kwetu zilivyohama? Mwalimu alikuwa akiita majina asubuhi. Aliyepo hujibu "Nipo" mara moja. Akifika kwa aliyehama, huita mara ya kwanza, huita mara ya pili, hutazama mlangoni. Aliyehama hawezi kujibu "Sipo". Mwalimu hana njia ila angoje kidogo, aweke alama, aendelee. Na maadamu jina bado li katika rejista, kesho ataliita tena, na kesho kutwa vilevile.

Tarakilishi nayo ni hivyo hivyo. Kifaa kizima hujibu upesi sana, hata nukta haiishi. Mashine huchelewa kwa sababu ya kifaa kisichokuwepo, au kilichopo lakini ki mgonjwa, hakiwezi kuinua sauti. Kila anayengoja amepewa muda wake: kwa kawaida systemd hungojea diski iliyoandikwa katika rejista kwa sekunde 90, kisha hukata tamaa. Basi swali la kuuliza si "kwa nini ni pole pole?" Swali ni "yamngoja nani?"

TAFUTA PENGO

Linux haifichi mambo. Inaandika kila hatua. Wakati wa kuwasha, ukiona picha tu ikizunguka, bonyeza kitufe cha Esc na maandishi yatatokea. Ikishaamka, fungua dirisha la amri uandike:

systemd-analyze

Kobe alijibu hivi: kerneli sekunde 52.418, na shughuli zilizofuata dakika 2 na sekunde 21.730. Jumla dakika 3 na sekunde 14. Mjue kwamba katika mashine za zamani kama zetu hesabu hiyo haiuhesabu muda wa BIOS, kwa hiyo kungoja kwenyewe ni zaidi. Amri ya pili ni hii:

systemd-analyze blame

Hii hukuorodheshea shughuli zilizochukua muda mrefu, nzito ikiwa juu. Lakini yafaa sana kwa upande wa systemd tu. Kwa upande wa kerneli, tumia:

sudo dmesg

Neno sudo lahitaji nywila ya msimamizi. Sisi ilikuwa ni mwalimu mwenyewe aliyeiandika, nasi tukageuza uso kwa adabu. Yatatoka maandishi mengi, zaidi ya mistari 1000. Usiogope, wala usisome yote. Mwanzoni mwa kila mstari mna namba katika mabano: ni sekunde zilizopita tangu kerneli ianze. Teremka nayo hiyo namba tu. Itakwenda 1.2, 1.3, 1.9, 2.4, kama meno yaliyopangana. Mara utaona imeruka kutoka 6 hadi 19, au kutoka 20 hadi 50. Hilo ndilo pengo. Soma mstari ulio kabla ya pengo na ulio baada yake. Mmoja wao atakutajia anayengojewa.

Kwa Kobe tulipata mapengo mawili katika kerneli, la sekunde 13 na la sekunde 30. Kisha kwa systemd tukaona sekunde 90 kamili. Namba iliyo kamili hivyo ni ya kutiliwa shaka. Kazi ya kweli haimaliziki sekunde 30 au 90 barabara. Hiyo ni saa ya kungoja iliyofika mwisho.

TULIOWAKUTA WANANGOJEWA

Wa kwanza alikuwa flopi. Karibu na pengo la sekunde 13 paliandikwa kosa la kusoma na jina fd0. Hilo ni jina la mlango wa flopi, zile diski nyembamba za zamani. Kobe hana mlango wa flopi kabisa. Lakini ndani ya BIOS paliandikwa kwamba anao, na flopi ni kifaa cha kizamani mno: kerneli haina njia ya kujua kama upo ila kuamini BIOS na kujaribu kuusoma. Dawa ni kuingia katika BIOS wakati wa kuwasha, kwa kitufe cha F2 au Delete kulingana na mashine, kutafuta mahali palipoandikwa flopi na kupazima. Tukafanya hivyo siku ya Ijumaa, pengo likatoweka.

Wa pili na wa tatu ni mtu mmoja aliyeitwa mara mbili. Wakati wa kuwasha, kioo kilikuwa kikionyesha maneno "A start job is running for", yaani kuna kazi inayongojwa, yakifuatwa na namba ndefu ya herufi na tarakimu. Namba hiyo yaitwa UUID. Ni kitambulisho cha sehemu ya diski, na hakuna viwili vinavyofanana. Tukaandika:

lsblk -f

ambayo huonyesha vitambulisho vya wote waliohudhuria. Namba ile haikuwemo. Tukafungua /etc/fstab, tukaikuta. Ilikuwa ya swapu, yaani uwanja wa akiba unaotumiwa kumbukumbu ikijaa.

Je, ilikwenda wapi? Hapa nacheka peke yangu. Likizo ya Aprili, kwa ruhusa ya mwalimu, sisi wenyewe wanachama tulimfungua Kobe tukatoa diski yake ya pili, ndogo, tukaitia namba 2 iliyokuwa haina diski. Swapu ilikuwa humo! Tulimhamisha mwanafunzi tukasahau kumfuta katika rejista, halafu muhula mzima tukamlaumu mwalimu kwa kuchelewa kumaliza kuita majina.

Dawa yake ni hii, na ifuatwe kwa mpangilio. Kwanza nakili rejista, usije ukaiharibu:

sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani

Kisha fungua kwa sudo nano /etc/fstab, na mwanzoni mwa mstari wa swapu uweke alama ya #. Alama hiyo huifanya Linux iuruke mstari bila kuufuta. Kama diski ni ya kuja na kuondoka, usiweke alama. Ongeza neno nofail kwenye safu ya masharti, na mashine haitakwama kwa ajili yake.

Zile sekunde 30 katika kerneli nazo zilikuwa za swapu hiyo hiyo. Mashine ikilazwa usingizi mzito, yaliyomo katika kumbukumbu huhifadhiwa katika swapu, kwa hiyo initramfs huitafuta iangalie kama kuna usingizi wa kuendeleza. Katika faili /etc/initramfs-tools/conf.d/resume tulibadilisha ikawa RESUME=none, kisha tukaandika:

sudo update-initramfs -u

ili ule mkoba ufungwe upya. Mwisho tukaiundia faili ndogo ya swapu katika diski iliyobaki, maana kumbukumbu ya Kobe ni haba.

JUMATATU IKARUDI VILEVILE

Tulishangilia Ijumaa. Jumatatu tukawasha mbele ya mwalimu, na pengo la sekunde 13 li pale pale! Mwenzangu akasema, "Hii ina shetani." Lakini tulipotazama pembe ya kioo, saa ilikuwa imerudi nyuma.

Hapo mwalimu akatabasamu, akatuachia tufikiri. BIOS hukumbuka saa na maagizo yake kwa betri ndogo ya duara, CR2032, iliyo kwenye bodi kuu. Wikendi swichi kubwa ya maabara huzimwa. Betri ikiwa imekufa, BIOS husahau kila kitu na kurudia maagizo ya kiwandani, na kiwandani iliambiwa kuna flopi. Tukanunua betri kwa shilingi 100, tukachomoa waya wa umeme, tukaibadilisha. Tukarudia kuzima flopi na kurekebisha saa. Tangu hapo haijarudi. Ingalikuwa tumeufuta mfumo wote kama tulivyoshauriwa, flopi ingalibaki, na jarida lingalikwenda.

Sasa Kobe huamka kwa dakika 1 na sekunde 1: kerneli 9.402, zilizosalia 51.655. Si mbio za swara, maana diski yake ni ya zamani. Lakini hizo ni sekunde za kazi, si za kungoja. Dakika 2 na zaidi tumezirudisha kila anapowashwa.

DALILI NYINGINE ZA KUJUA

Si kila mgonjwa ni Kobe. Ukikuta pengo, linganisha na haya:

1. Maneno "link is slow to respond" pamoja na ata1 au ata2. Maana yake diski yajibu kwa shida. HAPA SIMAMA. Usiwashe na kuzima ovyo. Nakili kazi zote kwanza. Kisha zima, chomoa umeme, ukaze waya wa diski. Ikizidi, tumia sudo smartctl -a /dev/sda uone afya yake. Hesabu ya Current_Pending_Sector au Reallocated_Sector_Ct ikiwa inapanda, diski yaelekea kuaga. Ikipanda UDMA_CRC_Error_Count, mara nyingi ni waya. Sisi twaamini namba 4 ilikuwa ikituambia haya muhula mzima, nasi hatukuwa na masikio.

2. Maneno "device descriptor read" na namba -110. Kuna kifaa cha USB kilichochomekwa lakini hakijibu. -110 ni kusema muda wa kungoja umekwisha. Chomoa vyote isipokuwa kibodi na kipanya, uwashe, kisha urudishe kimoja kimoja.

3. Jina NetworkManager-wait-online juu kabisa ya orodha ya blame. Hiyo si diski wala flopi. Ni kungojea mtandao. Maabara isiyo na intaneti kila siku yaweza kuizima kwa sudo systemctl disable NetworkManager-wait-online.service.

NENO LA MWISHO

Ndugu zangu, husemwa subira huvuta heri, nami sibishi. Lakini mashine inayomngojea asiyekuja haina heri ya kuvuta. Na mtu anayezoea uchovu wa mashine bila kuuliza sababu ni sawa na mwenye nyumba aonaye ufa akautundikia kalenda.

Tumebandika karatasi mbili katika mlango wa maabara. Ya kwanza ina amri tatu nilizozitaja. Ya pili ni daftari la kila tarakilishi: tarehe, muda wa kuamka, na kifaa kilichotolewa au kuongezwa. Yeyote atakayehamisha diski na aandike jina lake, asije akawaachia wenzake fumbo kama tulilojiachia sisi.

Na yule dada wa vitendawili, sasa yuko nami kidato cha tatu. Mwaka huu ameandika vile vichache alivyovikumbuka mwenyewe, utavisoma mbele katika jarida hili hili. Aliandikia kwenye namba 7. Alipomaliza, kabla hajainuka kitini, alinakili mara mbili.

Kwaherini, tuonane mwakani tukijaliwa.